UZI: Rufaa za kesi za kubaka na kulawiti watoto, majaji wanasoma nini kwenye mwenendo?

Wakili_Mwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za humu.

Mahakama ya Rufani ikija kukaa Tabora au Kigoma, rufaa za kubaka na kulawiti watoto hazikosekani kwenye orodha. Hukumu zikitoka, mtaani yanasikika maneno mawili: "wamemwachia mtu kwa sababu ya karatasi" na "wamemfunga mtu miaka 30 kwa neno la mtoto". Nafungua uzi huu tuelezane kazi ya majaji wa rufaa ilivyo hasa. Ukishajua wanachosoma, unajua pia ni wapi kesi inapona na wapi inakufa.

Masharti mawili ya uzi. Kwanza, hakuna jina la mtoto, la ndugu yake wala la mshtakiwa. Kifungu cha 186(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) kinataka ushahidi wa kesi hizi upokelewe faragha na kinakataza kuuchapisha, ndiyo maana kwenye hukumu mnaona herufi tu badala ya jina la mtoto. Tutataja namba ya rufaa, mwenye haja ataitafuta TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure. Pili, namba za vifungu ninazotumia ni za sheria kabla ya Toleo la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025. Vifungu vingi vimebadilishwa namba, kwa hiyo kabla hujaandika kwenye hati yako angalia namba mpya.

Ngazi ziko hivi. Kesi inasikilizwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu mbele ya jaji mmoja. Zamani faili la Kasulu au Kibondo lilikuwa linapanda treni ya Tabora, siku hizi Kigoma ina masijala yake ya Mahakama Kuu. Rufaa ya pili ni Mahakama ya Rufani, majaji watatu.

Ngazi hizi mbili hazifanyi kazi moja, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Rufaa ya kwanza ni kama kusikiliza kesi upya kwa kusoma. Jaji anatakiwa apitie ushahidi wote, aupime mwenyewe, na afikie uamuzi wake hata kama ni kinyume na wa hakimu. Akisema tu "nakubaliana na hakimu" bila kuuchambua, hajafanya kazi yake, na Mahakama ya Rufani inaweza kuifanya kwa niaba yake. Rufaa ya pili ni nyembamba. Kifungu cha 6(7)(a) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani (Sura ya 141) kinaipeleka kwenye hoja za kisheria. Mahakama mbili za chini zikikubaliana kuhusu jambo lililotokea, majaji watatu hawaligusi, isipokuwa waone ushahidi ulieleweka vibaya, au kanuni ya sheria ilivunjwa, au haki ilipotea. Msingi huo ni wa hukumu ya [1981] TLR 149 (TLR ni ripoti za hukumu za Tanzania), na mpaka leo karibu kila hukumu ya rufaa ya pili inaanzia hapo.

Kumbukeni pia kwamba jaji wa rufaa hakumwona mtoto akitoa ushahidi. Kama mtoto alikuwa akitetemeka, au alijibu haraka, au alimtazama baba yake kabla ya kujibu, hayo aliyaona hakimu peke yake. Juu kunafika maandishi, yaani mwenendo: kumbukumbu iliyoandikwa ya yaliyosemwa na kufanyika mahakamani.

---

Isevya1 (Tabora)

Uzi mzuri, wakili msomi. Niweke adhabu mapema, maana watu wengi wanakata rufaa bila kujua wanachokigusa.

Kubaka msichana wa chini ya miaka 18, kifungu 130(1) na (2)(e) cha Kanuni ya Adhabu: ridhaa haina kazi. Adhabu ya 131(1) ni kuanzia miaka 30 hadi maisha, na juu yake fidia kwa mwathirika. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungu 131(3) kinasema kifungo cha maisha, hakimu hana pa kuchagua. Kulawiti mtoto wa chini ya miaka 18 ni maisha kwa kifungu 154(2).

Sasa hatari. Mtoto alikuwa na miaka 8, hakimu akampa mshtakiwa miaka 30. Anakata rufaa akilalamika kwamba 30 ni mingi. Majaji wakiifungua wanakuta adhabu yenyewe haikuwa halali, ilitakiwa maisha. Wana uwezo wa kuirekebisha ipande, baada ya kumpa nafasi ya kusema. Mtu ameingia na 30 anatoka na maisha. Wakili makini anamwambia mteja jambo hili kabla ya kuandika chochote.

Na kinyume chake kipo. Mshtakiwa kapewa maisha kwa 131(3), lakini kwenye mwenendo hakuna shahidi aliyesema umri kwa namna ya kueleweka, au mama alisema "ana miaka kumi". Kumi siyo chini ya kumi. Hapo kosa linaweza kubaki, ila maisha yanashuka kuwa 30.

---

Mkazi_Buzebazeba (Kigoma)

Naomba kuuliza, mimi si mwanasheria. Je, ni kweli mtu anaweza kufungwa kwa ushahidi wa mtoto mmoja tu, bila daktari, bila aliyeona?

---

Wakili_Mwanga

Ndiyo, ndugu yangu, inawezekana. Kifungu 127(6) cha Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6) kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake kwenye makosa ya kujamiiana, ikiridhika kwamba mtoto anasema ukweli mtupu, na hakimu aandike sababu za kuridhika. Juu yake kuna msimamo wa [2006] TLR 379 kwamba ushahidi ulio bora wa kubakwa ni wa mwathirika mwenyewe. Kosa hili hufanyika pasipo na mtu, ukidai shahidi wa pili unaifunga milango ya mahakama kwa watoto wote.

Lakini msimamo huo ulifika mahali ukawa unanukuliwa kama dua. Hakimu anaandika kwamba ushahidi bora ni wa mwathirika, mwathirika amesema, basi hatia. Mahakama ya Rufani ikaweka breki kwenye Rufaa ya Jinai Na. 145 ya 2017 (Iringa): neno la mwathirika si msahafu, lazima lipimwe ukweli wake kama la shahidi mwingine.

Majaji wanalipimaje bila kumwona mtoto? Kwa njia mbili zinazowezekana kwenye karatasi. Wanasoma ushahidi wake peke yake waone kama unashikana: aliyosema akihojiwa na upande wa mashtaka na aliyosema akibanwa na mshtakiwa. Kisha wanauweka pembeni ya ushahidi wa wengine: mama, mwalimu, daktari, mtendaji. Tofauti ndogo haziui kesi. Mtoto akisema ilikuwa mchana, mama akisema saa kumi jioni, hilo halina uzito. Lakini mtoto akisema alimwambia mama usiku uleule, mama akasema aliambiwa na mwalimu wiki mbili baadaye, na mwalimu hakuitwa, hapo kuna shimo.

Shahidi muhimu asiyeitwa bila maelezo anaweza kugeuzwa kuwa hoja dhidi ya mashtaka, [1991] TLR 71. Si kila jirani, lakini yule ambaye mtoto alimweleza kwanza ni shahidi wa kuitwa. Na kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi nguvu, [2002] TLR 39. Akichelewa, si lazima aanguke, bali mwendesha mashtaka amuulize *kwa nini* ulichelewa, na jibu liandikwe. "Aliniambia ataniua" likiwa kwenye mwenendo linabeba. Lisipokuwepo, wakili wa Serikali hawezi kuja kulisema yeye mbele ya majaji.

---

Karani_Mstaafu (Tabora)

Vijana, hamjambo. Mnazungumzia vizuri, ila mmeruka mstari ambao umewaangusha wengi: ule wa kabla mtoto hajaanza kusema.

Kabla ya 2016 hakimu alikuwa anamhoji mtoto kwanza aone kama ana akili ya kutosha na anaelewa maana ya kiapo. Marekebisho ya Sheria Na. 4 ya 2016 yakaondoa mahojiano hayo, yakaweka kifungu 127(2) kipya. Mtoto mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila *kabla* ya kuutoa aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Sentensi yenyewe ina miguu miwili. Wako mahakimu walioandika mguu mmoja tu.

Baada ya hapo watu wakauliza: hakimu atajuaje kama huyu ataapa au ataahidi? Rufaa Na. 168 ya 2018 (Bukoba) ikatoa maswali mepesi: umri wa mtoto, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema ukweli na si uongo. Mwenendo unaopita salama unasomeka hivi:

*Shahidi wa 1, miaka 9, darasa la tatu, Mwislamu.*
*Swali: Unajua kuapa ni nini? Jibu: Sijui.*
*Swali: Unaahidi nini mahakamani? Jibu: Naahidi kusema ukweli, sitasema uongo.*
*Mahakama: Shahidi hajui maana ya kiapo. Ameahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Atatoa ushahidi bila kiapo, kifungu 127(2).*

Mistari minne tu, dakika tatu haziishi. Sasa tazameni unaoleta kilio:

*Shahidi wa 1, miaka 9, ANAAPA na kusema:*

Mtoto wa miaka 9 ameapishwa, na hakuna popote panapoonyesha kwamba anajua kiapo. Au huu: *Kifungu 127(2) kimezingatiwa.* Kimezingatiwaje? Maneno ya mtoto yako wapi? Au ahadi imeandikwa ukurasa wa pili, mtoto keshamaliza nusu ya ushahidi.

Siku hizi mwenendo unaandikwa Kiswahili, baada ya sheria kubadilishwa 2021. Jambo hilo limepunguza balaa moja, maana zamani mtoto anaahidi kwa Kiswahili, hakimu anaandika Kiingereza, na ahadi inapoteza mguu njiani.

---

Isevya1

Shikamoo mzee Karani. Umesema kweli tupu, ila niongeze, wasije wakadhani kila mwenendo wenye kasoro hiyo unamwachia mtu.

Miaka ya mwanzo baada ya 2016 ilikuwa hivyo. Ahadi haipo, ushahidi wa mtoto unaondolewa kwenye kumbukumbu, kesi inabaki mifupa. Kisha ikaja Rufaa Na. 301 ya 2018 (Mwanza), iliyoamuliwa 2022. Majaji wakasema kifungu 127(6) kinaanza na maneno ya kuvipita vifungu vidogo vilivyotangulia, kwa hiyo hata ahadi isipochukuliwa sawasawa, mahakama inaweza kuutumia ushahidi wa mtoto ikiridhika kwamba ni wa kweli na sababu zikaandikwa. Tangu hapo hukumu hazijakaa mstari mmoja. Zipo zinazofuta, zipo zinazookoa. Ukiwa upande wa mrufani, yaani aliyekata rufaa, usitegemee hoja ya ahadi peke yake. Ukiwa upande wa Jamhuri, yaani mashtaka, usiitegemee 301 kama mwavuli, maana inataka hakimu awe ameandika *kwa nini* alimwamini mtoto. Hakimu asiyeandika ahadi mara nyingi hakuandika na sababu.

---

Karani_Mstaafu

Marahaba. Hapo sikupingi.

---

Ustawi_Kasulu

Niingie kwenye umri, maana sisi wa ustawi wa jamii ndio tunaoulizwa na familia "tulete nini".

Kwenye kubaka mtoto, umri ni sehemu ya kosa lenyewe. Usipothibitishwa, ridhaa inarudi mezani na kesi inabadilika sura. Rufaa Na. 542 ya 2015, iliyoamuliwa hapahapa Tabora, ndiyo inayonukuliwa nchi nzima. Umri unaweza kuthibitishwa na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au kwa cheti cha kuzaliwa, na mahakama inaweza kufikia hitimisho kutokana na mazingira kwa kifungu 122 cha Sheria ya Ushahidi. Kwa mfano mtoto yuko darasa la tano na kila shahidi anamwita mtoto.

Kwa huku kwetu, ambako watoto wengi hawana cheti, hii ni nafuu kubwa. Kadi ya kliniki inatosha kumsaidia mama kukumbuka tarehe. Muhimu *aitamke akiwa shahidi*: "Ni mwanangu wa kumzaa, amezaliwa tarehe fulani mwaka fulani." Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka si ushahidi. Umri ambao hakimu ameuandika pale juu anapomtambulisha shahidi, "miaka 9, mwanafunzi", nao unabishaniwa kwa sababu hauko ndani ya ushahidi wenyewe. Mama atamke kwa kinywa chake.

Familia nyingine zinaomba umri "ukadiriwe" na daktari wakati mama yupo. Makadirio ya daktari yana upana wake, na pale ambapo miaka 9 na 11 ni tofauti ya maisha na miaka 30, upana huo ni mkubwa mno. Mama akiwepo, mtangulizeni mama.

---

Mkazi_Buzebazeba

Asante dada. Na ile karatasi ya polisi ya hospitali? Kuna kesi watu wanasema "PF3 imetupwa" na mtu akaachiwa.

---

Wakili_Mwanga

PF3 inatupwa kwa sababu mbili za kawaida.

Ya kwanza, haikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa. Utaratibu wa [2003] TLR 218 ni hatua tatu: shahidi aitambue na mshtakiwa aulizwe kama ana pingamizi, ipokelewe na kupewa namba ya kielelezo, kisha *isomwe kwa sauti*. Ikisomwa kabla ya kupokelewa, ni kosa. Isiposomwa kabisa, ni kosa pia, maana mshtakiwa hajui karatasi inasema nini na atajiteteaje.

Ya pili, kifungu 240(3) cha Sura ya 20. Karatasi ya daktari ikiletwa na mtu mwingine, mara nyingi mpelelezi, mahakama lazima imwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Asipoambiwa, karatasi inaondolewa. Daktari akija mwenyewe kutoa ushahidi, hoja hiyo inaisha.

Kuondolewa kwa PF3 hakumwachii mtu moja kwa moja. Ushahidi wa mdomo wa daktari unabaki. Na hata daktari asipokuwepo, mtoto akiaminika, kuingiliwa kunathibitishwa kwa maneno yake, na kifungu 130(4)(a) cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuingiliwa hata kidogo kunatosha. Ukiona "PF3 ilitupwa akaachiwa", soma hukumu yote, utakuta kuna jingine lililoanguka pamoja nayo.

Angalizo kwa madaktari wa vituo vya afya. Michubuko si jibu la *nani*. Daktari anathibitisha kilichotokea mwilini, hathibitishi aliyefanya. PF3 iliyoandikwa "amebakwa na fulani" imempa mwanya mrufani bila faida yoyote kwa mtoto.

---

Mkalimani_Kibondo

Hodi wakuu. Suala la lugha kwa mkoa wetu halikwepeki. Kuna watoto wa vijijini wanaosema Kiha kuliko Kiswahili, na kuna kesi za kambi za wakimbizi, Nyarugusu na Nduta, ambako mshtakiwa au shahidi ni wa Kirundi. Mkalimani lazima aapishwe na jina lake liandikwe, na kifungu 211 cha Sura ya 20 kinataka mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama atafsiriwe ushahidi. Mwenendo ukionyesha mkalimani siku ya kusomewa shtaka, halafu siku ya ushahidi wa mtoto hajatajwa, jaji anauliza: siku hiyo alitafsiri nani?

La pili ni namna watoto wanavyosema. Mtoto hasemi "aliniingilia". Anasema "alinifanyia tabia mbaya", "alinifanyia kitu kibaya". Mahakama ya Rufani kwenye Na. 103 ya 2012 (Mtwara) ilikubali kwamba kutokana na mila na umri, maneno ya mafumbo yanaweza kubeba maana ya kuingiliwa, yakisomwa pamoja na ushahidi mwingine. Mkalimani asiyageuze yawe lugha ya kisheria. Atafsiri alichosema mtoto, mwendesha mashtaka aulize swali la kufafanua, hakimu aandike jibu. Mtoto wa miaka 7 akionekana kwenye mwenendo anazungumza kama kifungu cha sheria, anayetiliwa shaka ni mtoto, wakati kosa ni la mkalimani.

---

Isevya1

Hati ya mashtaka nayo ina ugonjwa wake. Mifano inayojirudia:

Tarehe. Hati inasema tukio lilikuwa tarehe 14 Machi, mtoto na mama wanasema mwezi wa nne. Mwendesha mashtaka anatakiwa aombe kuibadilisha kwa kifungu 234 cha Sura ya 20 hiyohiyo kabla hajafunga kesi yake. Asipoomba, shtaka linabaki bila uthibitisho wa kile kilichoandikwa. Tofauti ya siku moja mbili kwa mtoto mdogo inavumilika, miezi na mahali tofauti haivumiliki. Mtoto aliyefanyiwa mara nyingi aandikiwe "kati ya mwezi fulani na mwezi fulani", si tarehe moja ya kubuni.

Kifungu. Zamani kusahau kifungu cha adhabu au kuandika kifungu kidogo kisicho chake kulitosha kuifuta kesi. Tangu Rufaa Na. 52 ya 2017 (Mtwara), majaji wanatazama maelezo ya kosa: kama mshtakiwa alielewa anatuhumiwa kumbaka mtoto wa umri fulani, mahali fulani, siku fulani, na ushahidi ukamweleza hivyohivyo, kasoro inatibiwa na kifungu 388. Warufani wanaonakili hoja za miaka ya nyuma wanashangaa zinapokataliwa.

Mengine kwa haraka. Hakimu akibadilishwa katikati, sababu iandikwe (214). Mshtakiwa akikutwa na kesi ya kujibu aelezwe haki zake (231). Na utetezi wake upimwe. Hukumu isiyougusa kabisa ina kasoro kubwa, ingawa siku hizi mahakama ya juu mara nyingi inaupima yenyewe badala ya kumwachia mtu.

Utetezi wenyewe huku kwetu karibu kila mara ni "tuna ugomvi wa shamba na baba wa mtoto". Unaweza kuwa wa kweli, kesi za kubambikiwa zipo. Lakini unaletwaje? Mshtakiwa amekaa kimya mama na baba wakitoa ushahidi, hakuwauliza hata swali moja la shamba, halafu analeta ugomvi siku ya kujitetea. Rufaa Na. 67 ya 2010 (Arusha): usipomhoji shahidi kwenye jambo muhimu, unachukuliwa umelikubali. Majaji wanafungua ukurasa wa maswali ya mshtakiwa, wanakuta "Sina swali", na hoja imeishia hapo.

---

Mkazi_Buzebazeba

Sasa ushahidi wa mtoto ukiondolewa, mtu anaachiwa au kesi inaanza upya?

---

Wakili_Mwanga

Inategemea. Kanuni ni ya hukumu ya [1966] EA 343 (EA ni ripoti za hukumu za Afrika Mashariki). Kesi inarudishwa kusikilizwa upya pale ambapo ya kwanza haikuwa halali au ilikuwa na kasoro, na pale tu haki inapodai hivyo. Hairudishwi ili mashtaka wapate nafasi ya kuziba matundu yao. Kosa likiwa la hakimu, kwa mfano hakuchukua ahadi, na ushahidi ulikuwa mzito, kurudishwa kunawezekana. Kosa likiwa la mashtaka, hawakuleta shahidi, hawakuthibitisha umri, majaji wanamwachia. Wanaangalia pia amekaa gerezani muda gani, na kama mtoto, ambaye sasa pengine ni mtu mzima, anapaswa kurudishwa kizimbani kuyasema yale yale.

Hapo ndipo maneno ya "wamemwachia mbakaji kwa karatasi" yanapotoka. Mimi siwalaumu majaji. Aliyeacha kuandika mistari minne ya mzee Karani ndiye aliyempa mrufani ufunguo.

---

Ustawi_Kasulu

Msisahau mrufani mwenyewe kuwa mtoto. Kijana wa miaka 16 amepewa 30. Kifungu 131(2) cha Kanuni ya Adhabu kina adhabu tofauti kwa mvulana wa miaka 18 au chini yake, akiwa ni mkosaji wa kwanza ni viboko tu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu 119, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Umri unaohesabika ni wa siku ya tukio. Kijana asiyesema umri wake mapema anaandikwa "mtu mzima" polisi, na faili linakwenda hivyo mpaka juu. Akiwa na cheti au kadi, iingie kwenye mwenendo mapema. Rufaa siyo mahali pa kuleta ushahidi mpya kirahisi.

---

Karani_Mstaafu

Muda. Hapa ndipo nyaraka nyingi zinapofia.

Kwenda Mahakama Kuu (kifungu 361 cha Sura ya 20): kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, sababu za rufaa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi kwenye hizo 45, kwa hiyo barua ya kuomba nakala iandikwe mara moja na nakala yake itunzwe. Aliyeko Bangwe, Uyui au gereza lolote anamkabidhi Mkuu wa Gereza, kifungu 363, na tarehe ya mkono wa gereza iandikwe. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu ya msingi, na kiapo cha ofisa wa gereza kinasaidia kama ucheleweshaji ulikuwa wa gereza.

Kwenda Mahakama ya Rufani: notisi ndani ya siku 30, Kanuni ya 68 ya Kanuni za 2009. Hoja za rufaa ndani ya siku 21 baada ya kupokea kumbukumbu za rufaa, Kanuni ya 72. Baada ya hukumu yao yamebaki mapitio tu, Kanuni ya 66, ndani ya siku 60, na hayo si rufaa ya tatu. Ni kosa lililo wazi usoni mwa kumbukumbu, kunyimwa kusikilizwa, na mengine machache.

Hoja zenyewe: magerezani kuna hoja zinazonakiliwa kutoka kwa mfungwa hadi mfungwa, kumi na tano, nyingine hazihusu kabisa. Unakuta mtu aliyekamatwa mchana nyumbani kwake analalamika utambuzi wa usiku. Hoja nne zinazoshika ukurasa wa mwenendo zina nguvu kuliko hizo zote. Na hoja ya ushahidi isiyopelekwa Mahakama Kuu haitasikilizwa kwenye rufaa ya pili, isipokuwa iwe ya kisheria.

---

Mkazi_Buzebazeba

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: mshtakiwa akiachiwa Mahakama ya Wilaya, mama wa mtoto anaweza kukata rufaa?

---

Isevya1

Mwenyewe hapana, kwa sababu kesi ni ya Jamhuri. Mwenye haki hiyo ni Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), kwa vifungu 378 na 379 vya Sura ya 20: notisi ndani ya siku 30 tangu kuachiwa, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Mama aende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa, siyo polisi, akiwa na namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe ya hukumu, aandike barua fupi aombe jalada lipitiwe. Aende wiki ileile. Akisubiri nakala ya hukumu mkononi ndipo aende, siku 30 za notisi zinaweza kumwishia, wakati notisi haihitaji nakala.

---

Wakili_Mwanga

Na barua hiyo apigiwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, asiondoke bila huo mhuri.